Namna ya Kuchangisha kwa Hadithi za Kutisha Wakati Mikusanyiko Imezuiwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa Tanga wanaopenda hadithi za kutisha, wawe wanaziandika, wanazisimulia au wanazisikiliza tu huku wamejifunika shuka hadi puani, na ambao wangependa kuzitumia kuwasaidia majirani zao katika kipindi ambacho watu wametakiwa kukaa mbalimbali kwa sababu ya maradhi. Kipindi cha namna hiyo tumekwisha kukiona. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na siku iliyofuata shule zikafungwa, ligi zikasimama, na semina na matamasha yakasitishwa. Machi 2023 ulitangazwa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na kipindupindu nacho hakijaacha kutupigia hodi mvua zinapozidi. Katika siku kama hizo masoko yanaweza kubaki wazi, lakini kumbi hufungwa, na ile njia tuliyoizoea ya kuchangisha, yaani kuandaa shughuli, kukodi viti na turubai kisha kupitisha kapu, huwa haipo tena. Kinachobaki ni simu.

Neno langu kuu ni hili: hofu ibaki ndani ya hadithi, na fedha zikae nje, mahali ambapo kila mtu anaziona. Kundi likiyageuza hayo, likaiacha hofu itoroke na kuingia mtaani huku fedha zikijificha kwenye simu ya mtu mmoja, heri lisianze kabisa.

Huenda mtu akauliza ni hekima gani kuwatisha watu ambao tayari wana hofu. Mtafiti Coltan Scrivner na wenzake waliliangalia jambo hilo mwanzoni mwa janga la korona, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walikuwa na dalili chache zaidi za msongo wa mawazo kuliko wenzao. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba filamu ndizo zilizowakinga, kwa sababu huenda watu wenye moyo mgumu ndio wanaozipenda tangu hapo, na mimi binafsi siamini kwamba bibi mwenye shinikizo la damu atapata nafuu kwa kusimuliwa habari za vinyamkera. Lakini unatosha kumjibu anayedhani kwamba jambo lenyewe ni wazimu.

Kuhusu kutengeneza kazi ya namna hii bila kukutana, mfano mzuri ni filamu ya Host iliyotengenezwa Uingereza mwaka 2020 chini ya mwongozaji Rob Savage. Waigizaji walikuwa majumbani mwao, wakajipangia taa na kamera wenyewe, na mwongozaji akawaelekeza kwa simu ya video bila kuingia nyumbani mwa yeyote. Filamu ikatoka Julai mwaka huohuo, na urefu wake haufiki saa moja. Watu wale hawakujaribu kuficha kwamba wametengana. Kutengana kwenyewe ndiko kulikokuwa hadithi, kwani mtu akiona jambo baya linamfika mwenzake kwenye kioo cha simu, naye hana la kumsaidia, hahitaji zimwi lenye mapembe ili aogope. Sisi tutafanya kwa gharama ndogo zaidi, kwa kutumia sauti pekee.

Anza na anayesaidiwa

Kabla hamjaandika hata sentensi moja ya hadithi, ulizeni nani anahitaji nini. Nendeni, au afadhali pigeni simu, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii, muwaeleze nia yenu na kuwauliza ni kaya zipi zimebanwa zaidi na kama kuna utaratibu au kibali kinachotakiwa kwa michango ya hadhara. Hatua hii inachosha, na vijana wengi hupenda kuiruka, lakini ndiyo itakayowaokoa siku mtu atakapouliza mmepata wapi mamlaka ya kuomba watu fedha kwa jina la wazee wa Makorora.

Chagueni hitaji moja tu na mlitaje kwa vitu, msilitaje kwa maneno mapana. Tangazo linalosema "tunasaidia wenye shida" halimgusi mtu. Linalosema "tunanunua ndoo zenye koki na sabuni za mche kwa kaya za wazee wanaoishi peke yao katika mtaa wetu" linamfanya msikilizaji apige hesabu ya ndoo ngapi anaweza kununua yeye. Msinunue dawa za hospitali, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wenye taaluma. Na msiwasahau walioathirika kwa njia isiyoonekana, kama mama lishe aliyekuwa akiuza chakula mlangoni mwa shule, ambaye shule ikifungwa na riziki yake imefungwa siku hiyohiyo.

Pengine kundi lenu halina fedha kabisa. Basi changieni damu. Shule zinapofungwa, wanafunzi wakubwa ambao kwa kawaida huchangia kwa wingi hawapatikani kwa urahisi, na mahitaji ya hospitali hayapungui. Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, na mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea watu mmoja mmoja, na kwa hiyo hakuna haja ya msongamano. Ila kundi likiamua kuchangia damu, lisisimulie hadithi za mumiani mwezi huo. Habari za wanyonya damu zina mizizi mirefu katika pwani hii tangu enzi za ukoloni, na bado wapo watu wazima wanaoliangalia gari la damu kwa jicho la pembeni.

Mahali pa hadithi, na mipaka yake

Tanga haijanyimwa mandhari ya kutisha. Kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji yapo mapango ya Amboni, mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa muda usiohesabika, ambako miaka ya 1950 Osale Otango, anayesimuliwa kama mwasi dhidi ya wakoloni, alijificha akisakwa na serikali ya kikoloni, na ambako waongozaji bado husimulia habari za mbwa aliyepotelea humo akaja kuibukia mbali kabisa, Kilimanjaro. Katikati ya ghuba kipo kisiwa cha Toten chenye magofu na makaburi. Kusini, njia ya Pangani, yapo magofu ya Tongoni pamoja na msikiti wake na makaburi ya minara, ambayo mengine yameinama kana kwamba yanasikiliza. Mnamo Novemba 1914, majeshi ya Uingereza yaliyoletwa kutoka India yalitua Tanga kupigana na Wajerumani, na katikati ya risasi makundi ya nyuki yakawavamia; mwandishi anayeshindwa kupata hadithi ya kutisha katika tukio hilo na akauze samaki. Na mashamba ya mkonge je? Safu zilizonyooka, zote zinafanana, jua linazama, na miba pande zote.

Pamoja na utajiri huo ninashauri hadithi zenu zianzie mahali padogo kuliko hapo. Msikilizaji amefungiwa nyumbani, naye atatishika zaidi na kitu kilichopo nyumbani: mtungi unaopungua maji bila mtu kuyachota, chandarua kinachosogea feni ikiwa imezimwa, simu inayoingia kutoka kwenye namba ya marehemu. Angalia kipande hiki nilichokiandika kwa ajili ya mwongozo huu:

"Kengele ya baiskeli ililia nyuma yake mara moja. Akasogea pembeni apishe. Hakupita mtu. Akageuka, njia ilikuwa nyeupe hadi mwisho wa mkonge, haina hata mbuzi. Alipoanza tena kutembea, kengele ikalia mara mbili, na safari hii ililia mbele yake."

Hakuna zimwi humo, wala damu. Lakini hakuna mtu aliyekulia Tanga ambaye hajapisha baiskeli njiani, na kwa sababu hiyo sikio lake litafanya kazi ambayo msimulizi hakuifanya.

Sasa mipaka, ambayo naomba isichukuliwe kama mapambo. Hadithi isimtaje mtu aliye hai, wala familia, wala nyumba inayotambulika, kuwa ya mchawi. Sheria ya Uchawi, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1928, inakataza kumtuhumu mtu uchawi, na nje ya sheria tunajua kwamba katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Bibi mwenye macho mekundu asiwe jini wa hadithi yenu hata kidogo. Viungo vya watu wenye ualbino visitajwe kamwe kama kitu chenye nguvu, hata kinywani mwa mhusika mbaya, kwa kuwa kuna wasikilizaji ambao hawatasikia kwamba mhusika ni mbaya. Watasikia kwamba viungo vina nguvu. Na wakati wa maradhi, wodi ya hospitali isiwe mandhari. Pale Bombo kuna jengo la zamani la Wajerumani ambalo mwandishi yeyote angelitamani, lakini hospitali yenyewe inafanya kazi, na mgonjwa anayeogopa mizuka atachelewa kwenda kutibiwa.

Kuna pia hatari ya hadithi kuvunja kamba na kwenda mtaani kama habari ya kweli. Mwaka 1995 Pemba na Unguja ziliingiwa na hofu ya popobawa, jini anayesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, watu wakalala nje makundi kwa makundi wakiota moto hadi alfajiri, na katika taharuki hiyo aliuawa mtu mwenye matatizo ya akili ambaye hakuwa na kosa lolote. Wakati huo hapakuwa na WhatsApp. Leo kipande cha sauti cha dakika mbili kikikatwa kutoka kwenye hadithi yenu na kusambazwa bila mwanzo wala mwisho, kesho yake asubuhi kitakuwa "tukio la jana usiku Mikanjuni", na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu kinachohusu kusambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha.

Dawa tunayo, tuliachiwa na wazee. Kila kipande cha sauti, si cha kwanza peke yake, kianze na msimulizi akiita "Hadithi! Hadithi!" na sauti nyingine zikiitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mwitikio huo unatangaza kuwa kinachofuata ni uongo, na unatangaza kwa namna ambayo mtoto na mzee wanaielewa bila tangazo rasmi. Mwisho wa kila kipande litajwe jina la kundi na neno "itaendelea" au "hadithi imekwisha". Vipande viwe vifupi kiasi kwamba hakuna haja ya mtu kuvikata.

Kurekodi

Hapa ndipo penye raha, na ndipo ninapopenda kukaa.

Chumba bora cha kurekodia katika nyumba ya kawaida ni kile chenye godoro, nguo nyingi na vitu vichache vya bati au saruji tupu. Simamisha godoro ukutani, tandika blanketi mezani, kisha ingia ndani ya chandarua ulichokitundikia kanga mbili tatu juu yake. Zima feni. Joto la Tanga litakukumbusha kwamba umezima feni, lakini mvumo wake ukiingia kwenye sauti hautoki tena, na msikilizaji atasikia feni badala ya kaburi. Weka simu kwenye hali ya ndege ili asije mtu akapiga katikati ya kilio. Simu ikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, si mbele kabisa, la sivyo kila neno lenye "p" na "b" litalipuka. Saa nzuri ni baada ya saa nne usiku, bodaboda zikishapungua na kabla majogoo hayajaanza kugombana. Kama kuna vyura baada ya mvua, waache; hao hawadai malipo.

Zungumza polepole kuliko unavyodhani inafaa, na punguza sauti pale mtu mwingine angeipandisha. Msimulizi anayepiga kelele anamtisha msikilizaji mara moja tu, ilhali anayenong'ona humlazimisha aongeze sauti ya simu na kuisogeza sikioni, na mtu aliyebana simu sikioni tayari umemshika.

Milio haihitaji kupakuliwa popote, kwa kuwa jiko la pwani lina kila kitu. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa juu ya meza ni kwato, na vikigonganishwa juu ya mchanga ndani ya sinia ni kwato za mnyama asiyetaka kusikika. Mbuzi ya kukunia nazi, ukiikwaruza kwa kijiko taratibu bila nazi, hutoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Mwambie aliye chumba cha pili akuelezee uso wake ulivyokuwa. Mchele ukimiminwa juu ya ungo kutoka juu ni mvua ya mbali, na ukiuzungusha ungo huo inakuwa mvua inayokuja. Kuti kavu likiburutwa uani ni kitu kinachoburutwa uani, halihitaji kugeuzwa kuwa kingine. Muhogo mbichi ukivunjwa karibu na simu ni mfupa, na kipande cha muwa kikipindwa hadi kipasuke ni mfupa wa mtu mzima zaidi. Mwamvuli ukifunguliwa na kufungwa harakaharaka ni mabawa ya popo. Makumbi ya nazi yakikanyagwa ni hatua za mtu katika majani makavu. Mlango wa mbao wenye bawaba zisizotiwa mafuta msiutie mafuta hadi kazi iishe.

Kila mlio urekodiwe peke yake, mrefu kuliko unavyohitajika, kisha uchanganywe na sauti za wasimulizi kwa programu yoyote ya bure ya kuhariri sauti kwenye simu. Kama waigizaji wako nyumba tofauti, msimulizi mkuu arekodi kwanza sehemu yake nzima na kuwatumia wenzake. Kila mwigizaji asikilize kwa spika za masikioni, arekodi maneno yake mara mbili, mara ya pili polepole zaidi, na aitume kama faili badala ya ujumbe wa sauti wa kawaida, ili ubora usipungue. Mtu mmoja pekee ndiye ahariri. Wahariri wawili ni ugomvi.

Hadithi ziwe zenu wenyewe. Kusoma kitabu cha mwandishi mwingine na kuchangishia fedha bila ridhaa yake ni kuvunja haki yake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hata kama fedha zote zinakwenda kwa wazee, na hali ni hiyohiyo kwa muziki wa kuweka nyuma ya sauti. Ngano za bibi zipo, na hakuna bibi atakayekataa kupigiwa simu na mjukuu anayetaka kusimuliwa habari za chunusi, yule jini wa majini. Mkirekodi mazungumzo hayo, mwombeni ruhusa kabla, na mumuulize kama angependa jina lake litajwe.

Usiku wa kusimulia

Fungueni kundi la WhatsApp ambalo wasimamizi tu ndio wanaoruhusiwa kuandika, na la pili, la wazi, kwa ajili ya kupiga soga na kupiga mayowe. Mkichanganya mambo hayo mawili katika kundi moja, sehemu ya tatu ya hadithi itazama chini ya picha za maua na salamu za asubuhi njema. Hadithi igawanywe katika usiku tatu, kila usiku kwa vipande vitatu au vinne, kuanzia saa tatu, Isha ikiwa imekwisha. Usiku wa kuamkia Ijumaa una shughuli zake katika nyumba nyingi za mji huu, basi uacheni. Katika Ramadhani sogezeni hadi baada ya tarawehe, au ahirisheni kabisa. Watoto waandaliwe hadithi yao, mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, ambamo zimwi lina njaa na upumbavu kwa kiasi kinacholingana, na mtoto aliyemezwa anatoka salama.

Wasio na simu janja wasiachwe. Mwanakundi mmoja anaweza kumpigia mzee na kumsomea. Redio za hapa mkoani nazo mara nyingi hupokea kazi ya namna hii kwa furaha, mradi mhariri wao aisikilize kwanza. Mkiamua kufungua chaneli ya kudumu ya video, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu kanuni za maudhui ya mtandaoni kabla hamjaanza, maana masharti yake si sawa na ya kundi la marafiki.

Swali linalokuja daima ni kama mwisho wa hadithi ufungiwe, usikilizwe na waliolipa tu. Mimi nasema hapana. Hadithi iliyokatwa kwenye utamu wake ili watu watoe fedha inaacha chuki, na aliyeshindwa kutoa shilingi 500 katika mwezi wa shida hastahili adhabu ya kutojua nani alifungua mlango. Wapeni wote hadithi nzima, kisha wauzieni wenye uwezo nafasi ndani yake. Huko nje wapenzi wa hadithi za kutisha hufanya mnada wa majina: anayetoa zaidi, mhusika anayekufa vibaya hupewa jina lake, na watu hushindania kufa. Hapa kwetu, tena wakati wa maradhi, jambo hilo ni uchuro mtupu, na mama wa mtoaji atawapigia simu kabla ya sehemu ya pili. Geuzeni bei: jina la anayenusurika liwe ghali, la dereva wa bajaji anayefika kwa wakati liwe la kati, na la jogoo anayewika zimwi likakimbia liwe la bei ya chini. Nina hakika jogoo atagombewa kuliko wote. Waliotoa wapewe pia haki ya kupiga kura, mathalani kama msichana aingie kisimani au asiingie, na waandishi wawe na usiku mmoja wa kuyatekeleza maamuzi hayo.

Fedha

Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mnapoomba michango kwa simu mnaingia katika kivuli cha watu hao, na lazima mjitenge nao mapema. Tangazeni namba moja tu, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na jina kamili litakalotokea kwenye kioo cha mtumaji kabla hajaweka namba ya siri, na mseme wazi kwamba jina likiwa tofauti asitume. Lipa namba ni bora kuliko namba ya mtu binafsi, kwa kuwa jina linalotokea ni la kundi na kumbukumbu hazichanganyiki na fedha za nauli za mwenye simu. Kama hamna budi kutumia namba ya mtu, iwe laini iliyosajiliwa kwa ajili hiyo, na mwenye laini asiwe ndiye anayeandika hesabu. Mtu wa tatu, ikiwezekana mtu mzima anayeheshimika mtaani na asiyependa hadithi hizi hata kidogo, azikague.

Kila usiku, kabla ya kipande cha kwanza, msimamizi atume taarifa: tulianza na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, jumla ni ngapi. Majina ya watoaji yasitajwe bila ridhaa yao, na namba zao zifutwe kwenye picha yoyote ya muamala mnayoionyesha. Kiasi kidogo kikaribishwe kwa heshima ileile ya kikubwa. Watu 60 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja, mnazo shilingi 60,000, na hamkukodi hata kiti kimoja.

Makato yasiwashangaze baadaye. Kutoa fedha kwa wakala kuna gharama, na kundi linaloahidi kwamba kila shilingi itamfikia mlengwa linaahidi lisilowezekana. Njia nzuri ni kutozitoa kabisa: mlipeni mwenye duka moja kwa moja kwa simu, mchukue risiti ya mashine, na mwiweke picha yake kwenye kundi pamoja na picha ya bidhaa. Asiye na fedha achangie kazi. Fundi cherehani anaweza kushona barakoa kutokana na mabaki ya vitenge, na mwenye baiskeli anaweza kupeleka mizigo.

Kupeleka

Bidhaa zipelekwe na watu wachache, wawili kwa mtaa wanatosha, waliovaa barakoa na kunawa mikono kabla na baada ya kila nyumba. Kijana aegeshe baiskeli, aweke ndoo na sabuni barazani, arudi nyuma hatua kadhaa, angalau umbali wa mita moja, ndipo apige hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umesimama huko, hutaki mkono wangu?"

"Nautaka bibi, ila daktari kaukataza. Mwezi huu ukipita salama, nitakuja kuushika."

Salamu hiyo isikatishwe. Kwa mzee anayeishi peke yake, dakika tano za kuongea kwa mbali zina uzito wake, na kijana asiangalie saa. Kisichofaa ni kupiga picha. Mpokeaji hakuomba kuonekana na jirani zake akipokea sabuni. Picha ya ndoo zikiwa dukani na saini ya mwenyekiti wa mtaa kwenye orodha ya kaya vinatosha kuwa ushahidi kwa waliochangia.

Orodha hiyo, risiti na hesabu ya mwisho viwekwe kwenye kundi ndani ya wiki moja baada ya hadithi kwisha, na tangazo litolewe kwamba namba ya michango imefungwa, ili asije mtu akaendelea kuomba kwa jina lenu. Ikibaki fedha ambayo haitoshi kununua ndoo nyingine, waulizeni waliochangia iende wapi. Faili za sauti zitunzeni mahali pawili tofauti, kwa sababu redio ikiomba kuzirusha baadaye, au waandishi wakitaka kuzikusanya kuwa kitabu, itabidi kila aliyeshiriki aulizwe tena kama anakubali.